Fritezi bila mafuta katika nyumba ya watu kumi na mmoja

Leo siwaletei habari ya usalama wala ya njia. Ni habari ya jikoni kwangu. Niliitaja kidogo studioni wiki jana, na tangu siku ile wengi mmeniandikia kuuliza: ile mashine inayokaanga bila mafuta, mlinunua ao mliacha? Redioni dakika tatu hazikutosha, basi naeleza hapa.

Ilianza na simu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaishi Canada. Jumapili moja jioni alitupigia kwa video. Mvua ilikuwa inanyesha, mama mkubwa alikuwa ameingiza mbabula ndani ya mlango, makala yalikuwa na maji, na moshi ulijaa nyumba hadi yule wa Canada hakutuona vizuri. Akasema: "Shemeji, munabakia na makala mpaka lini? Huku kila nyumba iko na fritezi bila mafuta. Mutaweka samaki, mutaweka viazi, dakika makumi mbili njo inaisha." Akaahidi dola 100.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kutupatia ile ya kwake na kununua nyingine, msafiri angetuletea. Mume wangu, anayejua kidogo mambo ya umeme, alimkataza. Canada na Marekani wanatumia volti 120, sisi huku 220. Ukichomeka ya kule kwenye ukuta wa Goma, inaungua mara moja, na transfo ya kubeba mashine ya wati 1500 ni nzito na bei yake inakaribia ya mashine yenyewe. Nalisema hapa kwa sababu najua familia nyingi zenye ndugu ng'ambo. Kabla hajafunga mzigo, mwambie asome ile karatasi ndogo iliyo nyuma ao chini ya mashine.

Kwa hiyo pesa zilikuja kwa simu. Mnajua hali: benki za mji zilifungwa tangu mapigano ya Januari 2025, na kutoa dola 100 kwenye simu kunataka uvumilivu, unakatwa hapa, unakatwa pale, na noti moja ikiwa na tundu kidogo hakuna anayeipokea. Tulibaki na 94 mkononi. Dukani, fritezi ya lita 4 waliniambia 85, ya mwisho 80.

Nisiwadanganye, mimi niliitaka. Ninaamka saa kumi usiku kwa ajili ya habari za saa kumi na mbili, na nikirudi jioni nakuta nyumba ina njaa na nguo zangu zinanuka makala hata zikifuliwa. Nilipoona picha ya ile kitu nyeusi yenye kung'aa, nilijiona nimekaa, mguu juu ya mwingine, samaki akijipika. Mume wangu alinyamaza. Mama mkubwa naye alinyamaza, na nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Lakini kazi yetu imetufundisha kutotangaza kabla ya kuhakikisha. Mwenzangu mmoja wa redaksio anayo hiyo mashine. Yeye, mume wake na mtoto mchanga. Nilimwomba aniazime kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu, akakubali, ila akanionya nisiioshe kwa majivu wala mchanga kama tunavyoosha sufuria, maana ule mpako wa ndani ukikwaruzwa chakula kinaganda.

Kwanza nieleze ilivyo, kwa ambaye hajaiona. Jina linadanganya kidogo. Haikaangi. Ni furu ndogo. Juu kuna waya unaowaka mwekundu, na juu ya waya kuna feni inayosukuma ule upepo wa moto, digrii 180 ao 200, kuzunguka kikapu chenye matundu. Upepo unakausha ngozi ya chakula hadi iwe ngumu na ya rangi ya kahawia, na ndani kinaiva kwa maji yake mwenyewe. Ni hivyo tu. Maana yake ni kwamba kitu chochote kinachotaka maji ya kuchemka, humo hakina nafasi.

Jambo hilo nililielewa vizuri Ijumaa usiku, nilipogeuza daftari langu la ripoti na kuandika nyuma yake kila kitu tulichokula wiki ile. Nyumbani kwangu tuko kumi na mmoja: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mama mkubwa, mke wa mwanawe, na wajukuu wanne. Tunakula mara mbili kwa siku, basi vyakula 14 kwa wiki. Maharage mara tano. Sombe mara mbili. Lengalenga mara mbili. Uji mara tatu. Sambaza mara moja, na viazi mara moja. Bugari sikuihesabu kwa sababu iko karibu na kila kitu. Katika 14, fritezi ingetusaidia mara mbili, sambaza na viazi. Na maharage, ambayo ndiyo yanayokula gunia la makala, hata kwa dawa hayangeivia mle.

Hata hivyo Jumamosi tulijaribu. Watoto walikuwa wameketi mbele ya ile mashine kama mbele ya televisheni. Nilimenya viazi, nikavikata, nikavipaka kijiko cha mafuta (ndiyo, hata "bila mafuta" inataka mafuta kidogo, la sivyo vinakauka kama vijiti). Kikapu kilipokea chini ya kilo moja. Ukijaza zaidi upepo haupiti, na vya katikati vinabaki vyeupe. Dakika 20, kengele ikalia, vikatoka vizuri, nasema kweli, vizuri sana. Sahani moja.

Sasa sahani moja kwa watu kumi na mmoja unampa nani? Hapo ndipo nilipoona aibu ya kwanza. Kwetu tunakula pamoja, sufuria inateremka, kila mtu anapata. Nilitaka kungoja nimalize zote, lakini za kwanza zilikuwa zinapoa na kuwa laini. Kitinda mimba wangu akanyosha mkono, na mimi bila kufikiri nikampa. Wajukuu wa mama mkubwa hawakunyosha mkono. Waliangalia tu. Watoto waliopita kambini wanajua kungoja kuliko wetu, na hilo halinifurahishi. Mama mkubwa akasema polepole, hata bila kunitazama: "Hii iko mashini ya batu babili. Batoto bengine bataangalia?"

Tulipika mara nne. Saa moja na dakika 20, ukiondoa muda wa kujaza na kumwaga. Nilikuwa nimezima kila kitu isipokuwa taa moja, na nilisoma konteri ukutani kabla na baada: uniti 1.8. Wenye konteri ya kulipia kabla mnaweza kujifanyia hesabu kwa bei iliyo kwenye risiti yenu. Kwa sahani moja si pesa nyingi. Kwa nyumba yetu, kwa friti peke yake bila mboga wala chochote cha kushibisha, niliona ni uniti nyingi.

Na katika ile mara ya tatu mtoto mkubwa alichomeka pasi. Dijonkteri ikaruka, giza. Mume wangu alishika ralonji tuliyokuwa tunatumia, ikawa ya moto mkononi. Akaichomoa na kusema neno ambalo siandiki. Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyingi za hapa juu ya mawe ya volkano, na ndugu zangu, mimi nimeripoti nyumba ngapi zilizoungua kwa waya mwembamba uliobebeshwa mzigo? Mashine ya wati 1500 inataka kuchomekwa ukutani moja kwa moja, kwenye waya mnene, na peke yake. Anayeununua umeme kwa jirani, kwa ule waya uliopita juu ya mabati ya watu watatu, asithubutu.

Jaribio la mandazi ndilo lililotuchekesha. Mama mkubwa anauza mandazi barabarani kila asubuhi, yale ya unga mwepesi unaodondoshwa kwa mkono kwenye mafuta. Niliwaza: kama mashine inaweza kupika mandazi bila mafuta, basi imejilipa ndani ya mwezi, kwa sababu mafuta ndiyo yanayomla faida. Akachanganya unga wake, akadondosha kwenye kikapu. Unga ulipita kwenye matundu kama mvua, ukaangukia chini, ukaanza kuungua. Akaufanya mgumu zaidi. Safari hii yalikaa, yakaumuka, yakatoka makavu na meupe upande mmoja. Mjukuu wake mmoja alionja akasema ni mkate wa mgonjwa. Mama mkubwa alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu aje kwetu.

Alikuja Februari 2025, kambi zilipovunjwa. Kabla ya hapo alikuwa Bulengo, chini ya bashi, miaka miwili, tangu akimbie Kitchanga mwanzoni mwa 2023. Wengine walirudi vijijini mwao. Yeye alituma mtu kuangalia, na huyo mtu akaleta habari kwamba nyumba haina mabati wala milango. Akaja kwangu na mabegi mawili, mke wa mwanawe na wajukuu. Siku mbili alikaa kama mgeni. Siku ya tatu niliamka saa kumi nikakuta mbabula imewaka, maji ya moto kwenye bidoni, na uji. Sikumwomba. Tangu hapo jiko ni lake.

Narudi kwenye Jumamosi ile. Usiku, binti yangu alikuja kitandani kwangu na neno. Mjukuu wa mama mkubwa, mwenye miaka saba, alikuwa amemuuliza: "Kama mashini inafika, siye tutarudia Kitchanga?"

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimepima wati, lita, uniti na dakika, na hilo sikulipima. Wiki nzima tumesema mbele yake kwamba mashine itatuondolea kazi ya jiko. Kazi ya jiko ilikuwa ya nani? Sisi tulisikia mapumziko. Yeye alisikia kitu kingine.

Jumapili baada ya misa nilikaa naye nje, yeye akichambua maharage. Nilimwambia moja kwa moja kwamba hakuna anayemfukuza. Aliendelea kutoa vijiwe, akavitupa, akasema: "Mwana wangu, mimi sina kitu ya kulipa mu hii nyumba. Niko nalipa na mikono." Nilitaka kumwambia halipi chochote, yeye ni mama. Lakini niliona lingekuwa neno la kumnyang'anya kitu. Basi nilimuuliza tofauti: zile dola zingekuwa zako, kwa jiko hili, ungenunua nini?

Alikuwa na jibu tayari. Nadhani alikuwa nalo tangu siku ya simu, ila hakuna aliyemuuliza. Alitaka ile sufuria ya presha, kokoti kubwa, ya kuweka juu ya mbabula. Huko Kitchanga jirani yake alikuwa nayo. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku yanaiva kwa dakika 40 hivi, badala ya saa tatu. Haitaki konteri. Siku umeme ukikatika, kama siku zile za Januari tulipokaa gizani mji mzima, inapika vilevile. Na kinachobaki, akasema, ni cha unga na mafuta.

Mnaweza kunikosoa hapa. Mimi mwenyewe nimesoma matangazo mengi studioni kuhusu kuacha makala. Makala mengi tunayopika hapa Goma yanatoka katika miti ya Hifadhi ya Virunga, ambayo ilitimiza miaka 100 mwaka 2025, na mtambo wa Matebe kule Rutshuru, wa zaidi ya megawati 13, ulizinduliwa mwaka 2015 ili watu wapate njia nyingine kuliko kukata misitu. Kupika kwa umeme ni jambo jema, na moshi tunaovuta ndani siku za mvua unaumiza, pamoja na ile gesi isiyo na harufu ya makala yaliyofungiwa chumbani, ambayo inaua watu usingizini. Nimeshika hayo yote. Lakini fritezi isingetoa makala nyumbani kwangu. Ingeyaacha palepale chini ya maharage, na kuongeza uniti juu yake. Sufuria ya presha angalau inakata saa mbili za moto kila siku tunayopika maharage. Iko na presha ya umeme pia, najua, na ile ndiyo ningewaambia wengi mwangalie kabla ya fritezi, kwa sababu inachemsha, inapika hata mchele. Za lita 6 zilikuwa nyingi dukani, kubwa zaidi sikupata kwa bei yetu, na lita 6 kwa watu kumi na mmoja ni kurudi kulekule kwa sahani ya kwanza.

Tulinunua kokoti ya lita 15 ya mtumba, dola 38 baada ya kubishana, nikakagua mpira wa mfuniko na kile kidude cha kutoa mvuke. Mpira ulikuwa umepasuka, tukatafuta mwingine siku mbili nzima. Msinunue bila kuangalia mpira, na msijaze zaidi ya nusu mkipika maharage, yanaumuka na maganda yanaziba njia ya mvuke. Siku ya kwanza ilipoanza kupiga filimbi, nyumba yote ilikimbilia uani, mume wangu akiwa wa mbele. Mama mkubwa peke yake alibaki, amekaa kwenye kiti chake, mkono kwenye shavu, akihesabu.

Gunia la makala lililokuwa linatutosha wiki tatu liko wiki ya nne sasa, na bado kuna robo. Dola 56 zilizobaki nilimpa mkononi. Alinunua mfuko wa unga, bidoni ya mafuta, na kikaango kipana zaidi. Asubuhi hizi anatoka na mandazi mara mbili ya yale ya zamani, na Jumamosi iliyopita aliniletea franka kwenye kitambaa, akasema ni za chumvi na sabuni ya nyumba. Nilizipokea.

Shemeji hakufurahi mara moja. Aliomba picha ya fritezi, tukamtumia picha ya sufuria nyeusi ya chini. Alikaa siku nzima bila kujibu, halafu akaandika kwamba hata mama yao alikuwa na kama hiyo.

Sasa, kwa wale walioniuliza. Mkiwa wawili ao watatu, mna waya mzuri na umeme wa uhakika, mnakula samaki na kuku na viazi mara nyingi, nunueni, mtaipenda. Mwenzangu wa redaksio hawezi kuishi bila yake, na simlaumu: anarudi saa moja usiku, dakika 15 sambaza wanalia mdomoni, hakuna moshi karibu na mtoto. Mkiwa wengi na chakula chenu ni cha sufuria, bado. Na kama nyumbani kuna mtu aliyekuja na mabegi mawili, muulizeni kwanza.

Jumatatu ile nilirudisha mashine. Binti yangu aliiosha kwa sabuni na kitambaa laini, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Mama mkubwa alikataa iende tupu, akajaza kile kikapu mandazi ya jana yake. Saa nne mwenzangu alinipigia simu kutoka nyumbani kwake. Alikuwa ameyatia moto humohumo, dakika nne, na yalitoka kama yametoka kwenye mafuta sasa hivi.